Sauti ya Getruda Ndani ya Salfeti

Siku sauti yake ilipodondoka kwa mara ya kwanza, Getruda alikuwa ameinamia karai, anasugua udongo kwenye chikanda. Chikanda ni viazi vidogo vya porini ambavyo Wazambia huvitwanga, wakavichanganya na karanga na kuvipika, na Getruda aliishi kwa kuvipeleka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akirudi na sukari. Mikono ilikuwa inaosha, mdomo uko mazoezini. Bendi ya Kaburi Wazi ilifanya mazoezi nyuma ya mashine ya kusaga, tena saa za kusaga tu, maana hapo hakuna jirani aliyeweza kutofautisha wimbo na mahindi. Getruda akafika kwenye kiitikio cha "Funza Hawana Haraka", akakohoa, na sauti ikatumbukia kwenye karai ikarusha maji hadi ukutani.

Danieli, mpiga ngoma, akainyanyua kwa mikono miwili, akasema uzito wake unakaribia debe la mahindi. Lusajo, mpiga gitaa, akaifuta kwa shati lake. Getruda akaimeza, wakarudia kiitikio.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Maduka ya Tunduma yamejaa kila kitu na redio zinaimba mapenzi asubuhi hadi jioni. Lusajo alikuwa fundi redio. Katika fungu la mitumba Nakonde aliokota kanda yenye picha ya mifupa, akadhani ni somo la afya. Walipoiweka kwenye redio, jamaa aliyekuwa ndani akanguruma kama lori la shaba lililoshindwa mlima. Danieli alicheka. Getruda hakucheka. Mama yake, Ketrina, alikuwa mwalimu wa kwaya, na tangu utotoni alimlea binti kwa ajili ya sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, ya kumpendeza mchungaji. Getruda alikuwa ameichoka kama mtu anavyochoka kiatu kinachobana. Kesho yake alinguruma jikoni, na Ketrina akamchemshia maji ya ndimu.

Hivyo ndivyo bendi ilivyoanza. Ngoma za Danieli zilikuwa mapipa ya mafuta na rimu za malori. Kijijini Igamba waliitwa kufukuza ngedere shambani, wakafanya kazi nzuri kiasi kwamba hata mbwa wa kijiji walihama. Huko Itumba walipiga kwenye harusi. Walipomaliza "Maiti Amekataa Sanda", bibi harusi aliomba warudie, na bwana harusi akaanza kumwangalia upya.

Tatizo lilikuwa uzito. Kila onyesho sauti iliongezeka, na Getruda alilala amekaa kwa maumivu ya shingo. Mwishowe akafanya alichokifanya kwa kila kitu kizito maishani mwake: akaitia kwenye mfuko wa salfeti, akafunga kwa mpira wa baiskeli, akausukuma chini ya kitanda. Siku ya onyesho aliimeza. Siku nyingine alibaki na ile nyembamba ya mama yake, akaitumia kununulia chumvi.

Kisha mwenye baa wa Nakonde akawaita. Alikuwa amewasikia harusini, akasema, "Chawama sana, mayo, nzuri sana mama, njooni Jumamosi." Jumamosi Getruda akajitwika salfeti kichwani, akaunga msafara wa wanawake wenzake kwenye njia ya panya. Kizuizini wakamkuta Bwana Severini amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula muwa. Severini alikuwa mkubwa wa kizuizi kile na mzee wa kanisa, na alishika mali za watu kwa upole mno, kama mganga anayeshika tumbo la mgonjwa. Aliwaruhusu wote wapite isipokuwa Nyanzobe, mjane aliyekuwa anarudi kutoka Nakonde na mzani na sukari ya kuuza, na Getruda.

"Mzigo gani huu?"

"Sauti yangu, mzee."

Severini akausukuma mfuko kwa ncha ya kiatu. Mfuko ukanguruma.

"Kama ni yako, mbona haiko kooni?"

"Nzito, mzee. Hapa kwetu kizito tunabeba kichwani."

"Ingekuwa kooni ningekuacha upite, binti yangu," akasema Severini, bila ubaya wowote. "Ikishaingia kwenye mfuko ni bidhaa."

Watu wake wakaiweka ghalani, pamoja na mzani na sukari ya Nyanzobe na marobota ya vitenge. Getruda alirudi nyumbani akalia kwa sauti nyembamba, na hata kile kilio kilimuudhi kwa kuwa kilipanda vizuri.

Sauti haikukaa kimya. Kila alasiri ilinguruma ghalani, na kuta zikatetemeka. Watu walidhani ni wimbo mpya. Lusajo na Danieli, waliozoea kuelewa maneno yake, waliwatafsiria: sasa inasema sukari ya Nyanzobe inapakiwa kwenye gari la Severini, sasa inasema vitenge vimekwenda dukani kwa mke wa Severini. Hakuna aliyeshtuka. Nyanzobe alisema hilo alilijua, ila hajawahi kusikia likisemwa kwa mdundo. Danieli akaleta mapipa yake, Lusajo akaleta gitaa na jenereta, wakapiga nje ya ukuta huku sauti ikiwajibu kutoka ndani. Wanawake wa njia ya panya walifika na vitenge vyao vilivyosalia, wakatikisa vichwa hadi vilemba vikaruka. Kaburi Wazi haikuwahi kupata umati kama ule, kabla wala baadaye. Getruda alisimama mbele ya umati wake mdomo umefungwa. Kijana mmoja akamwomba asogee, anamzibia.

Baada ya hapo mali za ghalani zikanadiwa. Mnada ulitangazwa asubuhi ukaisha asubuhi hiyohiyo, na aliyenunua sauti alikuwa shemeji yake Severini. Jioni sauti ilikuwa imefungwa getini kwa Severini, mahali pa mbwa. Ilifanya kazi vizuri. Wezi walipita mbali, na mbwa mwenyewe akapumzishwa.

Ila sauti bila koo hukauka. Msimu wa kiangazi ikaanza kukwaruza, na Mercy, mke wa Severini, akatuma mtu kwa Getruda: aje Jumamosi, apite mlango wa nyuma, aimeze kidogo ipate unyevu. Getruda alikwenda mbio, akaacha chikanda kwenye maji. Mlangoni mlinzi akampandisha kwenye mzani, ule wa Nyanzobe, akakariri uzito wake. Wakati wa kutoka angepimwa tena, na uzito ukizidi, duka la Mercy halitamuuzia sukari yeye wala mwanamke yeyote wa mtaa wake. Severini alimweleza hayo kwa upole, akamkaribisha chai.

Ndivyo Kaburi Wazi walivyoendelea hadi mvi zikawaota. Kila Jumamosi Getruda aliimeza sauti uani kwa Severini, na Lusajo na Danieli walipiga nje ya uzio. Watu walijaa barabarani. Walipoona kiu walinunua soda dukani kwa Mercy, na waliokuwa wamenyang'anywa sukari juma lile waliinunua palepale, Nyanzobe akiwa wa kwanza kwenye foleni. Severini akapandishwa cheo, akajenga ghala la pili. Ketrina alizeeka, akawa anakuja na kiti chake. Siku moja alimwambia binti yake kwamba kiitikio cha pili anakiingia mapema, na ilikuwa kweli.

Kila Jumamosi wimbo wa mwisho ulikuwa "Funza Hawana Haraka". Ukiisha, Getruda alikaa kidogo na ule uzito kooni, shingo ikimuuma, na hakuna mahali pengine duniani alipotamani kuwa. Kisha aliinama, akakohoa, akaitia kwenye salfeti. Mlinzi alishajaribu kumsaidia kufunga akashindwa. Fundo lile alilijua yeye tu. Aliuvuta mpira kwa meno, akauzungusha, akaukaza sana. Ilikuwa sauti yake, hakutaka imwagike.