Laini Aliyoondoka Nayo Kipkirui

Elmina Chepngetich alifika ofisi ya Sacco, chama cha akiba na mikopo, mjini Kericho akiwa na sweta yake ya kanisani na bahasha iliyojaa kila karatasi aliyoambiwa alete. Kitambulisho kilikuwemo, stakabadhi za malipo ya majani chai za miezi sita zilikuwemo, na majina ya wadhamini watatu yalikuwemo. Alitaka mkopo wa ng'ombe wa maziwa. Bonasi ya chai ya mwaka huo ilikuwa imeshuka vibaya, na binti yake Chemutai alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni.

Afisa wa mikopo alikuwa msichana mpole aitwaye Sally. Alipiga namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie, kwamba jina lake lilikuwa limepelekwa CRB. Huko, akaeleza, ndiko kunakowekwa rekodi ya namna kila mtu anavyolipa madeni yake, na kila mtu hupewa alama. Alama za Elmina zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kwa alama hizo Sacco isingempa hata pesa ya mbolea.

Elmina alisema kuna makosa. Hajawahi kukopa kwa simu maishani mwake. Simu yake yenyewe ilikuwa ya vibonye, na kioo chake kilikuwa na ufa.

Sally akageuza kompyuta amwonyeshe. Deni lilikuwa la kampuni moja ya mikopo ya simu: shilingi elfu nne na mia nane, ambazo kwa riba na faini zilikuwa zimefika elfu saba na mia tatu. Lilichukuliwa kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sally akamsomea namba ya laini hiyo, na kabla hajafika mwisho, Elmina akaimalizia mwenyewe.

Ilikuwa laini ya mdogo wake, Kipkirui.

Wazazi wao walikufa Kipkirui akiwa na miaka tisa, na Elmina ndiye aliyemlea. Alimlisha, akamsomesha hadi kidato cha nne, akamfundisha kuchuma chai bila kuvunja kichipukizi. Kijana alipopoteza kitambulisho na kuchoka kufuatilia kingine, Elmina alimsajilia laini kwa jina lake mwenyewe, jinsi watu wengi wanavyosaidiana. Halafu mwaka wa 2018 Kipkirui akauza mtamba wa dada yake bila ruhusa, akaenda Ndanai kununua viazi vya biashara. Mvua ikanyesha wiki mbili mfululizo, viazi vikaoza kwenye magunia. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Elmina alimkuta langoni asubuhi, watu wakiwa wamepanga foleni na mitungi yao wakingoja gari la maziwa. Alimwambia mbele yao wote kwamba amemharibia jina, na kwamba asimtaje tena popote kuwa ni dada yake. Kipkirui aliingia ndani, akatoka na mkoba mmoja, akashika barabara. Mwaka huo Elmina alimpigia simu mara mbili, hakuipokea. Basi na yeye akakaza roho. Alipolegea akampigia tena, siku ya Pasaka miaka mitano baadaye, sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Akajua kijana amebadilisha namba.

Sally sasa alikuwa akimweleza jinsi ya kujitoa. Njia moja ni kulipa, kuchukua barua ya kwamba deni limekwisha, kisha kukopa kidogo kidogo na kurudisha kwa wakati hadi alama zipande. Njia nyingine ni kuandika malalamiko, aende polisi aandikishe kwamba laini ilitumiwa na mtu bila idhini yake, amtaje huyo mtu. Akifaulu, deni lote lingefutwa. Hiyo ndiyo ya haraka, Sally alisema, na wengi hufanya hivyo.

"Alikopa lini?" Elmina akauliza.

"Hili la mwisho, Agosti 2022."

"La mwisho? Kuna mengine?"

Yalikuwepo. Sally aliteremsha ukurasa, na akaendelea kuteremsha. Kuanzia mwaka wa 2019 laini hiyo ilikuwa imekopa mara arobaini na moja. Elfu moja, elfu mbili, mia nane, elfu tatu. Na kila mkopo, isipokuwa huo wa Agosti, ulilipwa, mingine hata siku mbili kabla ya tarehe. Sally mwenyewe alionekana kushangaa. Alisema, kabla ya hilo la mwisho, mama, alama zako zilikuwa nzuri kuliko za wateja wetu wengi.

Elmina alishika ukingo wa meza. Alikuwa amemtafuta ndugu yake moyoni kwa miaka sita asijue kama yuko Nairobi au jela, na hapa palikuwa na tarehe baada ya tarehe alizokuwa hai, akiamka, akikopa, akilipa. Halafu Agosti, akakopa siku ya Jumatano, na baada ya hapo hakuna kitu.

Hakwenda polisi. Sally alimpigia simu yule mkopeshaji, na kwa kuwa akaunti ilikuwa kwa jina la Elmina, walimsomea yote yaliyoandikwa, pamoja na mtu aliyetajwa kama wa kutafutwa mwenye laini asipopatikana. Jina lilikuwa Mokaya, wa Chepilat, na namba yake ya simu ilikuwepo.

Alimpigia akiwa amekaa kwenye ngazi za nje ya Sacco. Aliyepokea alikuwa mwanamume wa makamo mwenye haraka, nyuma yake kelele za soko. Elmina alijitaja jina na kusema anamtafuta Kipkirui. Kelele za soko zikapungua, kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango.

"Wewe ndiye Elmina wa Kapsoit?" akauliza. "Dada yake?"

"Ndiyo mimi."

"Dada, njoo Chepilat. Lakini usije peke yako."

Elmina alikata simu, akampigia Chemutai.

Alikwenda kesho yake na Chemutai. Mokaya alikuwa na stoo ya ndizi nyuma ya soko, na mke wake, Nyambeki, alikuwa amepika na kutandika kitambaa mezani kama mtu anayepokea wakwe. Waliwaeleza kwa zamu, mmoja akishindwa mwingine akiendelea. Kipkirui alifika kwao akiomba kazi ya kupakia. Baada ya miezi michache akaanza kununua ndizi zake mwenyewe. Alikuwa akikopa kwa simu alfajiri, ananunua mikungu kwa Mokaya, anaipeleka Sotik, na jioni mzigo ukiisha, kabla hajala, analipa deni. Nyambeki alimcheka mara nyingi kwa sababu ya hiyo haraka. Wenzake sokoni wakikopa kwa simu walikuwa wanatupa laini na kununua nyingine.

"Alikuwa anasema laini si yake," Nyambeki akasema. "Anasema ni ya dada, na jina la dada alishaliharibu mara moja."

Elmina alifunika uso kwa leso. Chemutai akamshika bega, akaliacha bega, hakujua afanye nini.

Siku ile ya Agosti Kipkirui alikopa elfu nne na mia nane, pesa nyingi kuliko siku zote, kwa sababu shule moja ilikuwa imeagiza ndizi. Pikapu ilianguka kwenye kona, na yeye alikuwa amekaa juu ya mzigo. Simu ilisagika. Hakuwa na kitambulisho. Mokaya alipeleka habari kwa chifu, na yeye mwenyewe akaenda Kapsoit mara mbili, akauliza dukani, akauliza kanisani, kama kuna mwanamke aitwaye Elmina. Akina Kipkirui walikuwa wengi mno, na kwa jina la Elmina kila mtu alitikisa kichwa.

Elmina alijua kwa nini. Tangu azae, Kapsoit nzima humwita Mama Chemutai. Hata kwenye kituo cha kununulia majani hivyo ndivyo wanavyomwita. Pengine hilo la Elmina sasa lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa Kipkirui peke yake.

Baada ya wiki nne Mokaya alilipa gharama za mochari na kumzika kwenye shamba lake, kando ya ua wa mpaka, karibu na mahali alipozikwa baba yake mwenyewe. Wazee wa ukoo walimgombeza kwa kumweka mtu wa kabila lingine hapo. Aliwaambia huyu alikula kwangu miaka mitatu.

Palikuwa na msalaba wa mbao, na juu yake jina moja tu, kwa kuwa hawakujua la pili. Elmina alipiga magoti kwenye nyasi mbichi. Aliongea na ndugu yake kwa Kikipsigis, kwa sauti ndogo, na wenyeji wake wakarudi nyuma wamwache. Alimwomba msamaha. Alimweleza habari za nyumbani, nani amekufa, nani ameoa. Alipoishiwa na habari alibaki pale pale, akang'oa magugu.

Walipokuwa wanaagana, Mokaya alitaka kulipa lile deni la simu, kwa kuwa pesa zile ziliishia kwenye ndizi zake. Elmina alikataa. Alimwambia hilo ataliweza.

Alililipa kwa malipo mawili ya chai. Alichukua barua, akampelekea Sally. Akakopa elfu tano Sacco, akarudisha. Akakopa kumi, akarudisha, kila mara siku moja kabla ya tarehe. Alama zilipanda polepole: mia nne, mia nne na themanini, mia tano na arobaini. Zilipovuka mia sita Sally alimpigia mwenyewe kumpongeza, akasema sasa jina lake limesafishika. Elmina alishukuru, akakata simu, akaketi kwenye benchi la kituo cha majani mpaka wenzake walipomuuliza kama ameugua.

Ng'ombe alikuja mwezi wa Juni, mwekundu, mtulivu. Anatoa lita kumi na nne kwa siku. Chemutai amemaliza chuo, sasa anatafuta kazi.

Kila Agosti Elmina huenda Chepilat. Msalaba sasa una majina yote mawili. Mwaka huu Nyambeki alimpa mkungu mzima wa ndizi abebe nyumbani, na hakuweza kuukataa. Aliutundika jikoni. Kila siku alisema ataupika, na kila siku akapika kitu kingine, hata ndizi zikaiva, zikaanza kuwa na madoa meusi. Siku ya tisa Chemutai akamwomba ruhusa awagawie majirani.

"Wape," Elmina akasema, akatoka kwenda kukama.