Barua ya Kukana Jembe

"Mama Blessing, Korea tumeisikia. Sasa huko mtoto atafikia kwa nani?"

Paskalina alilirusha swali hilo juu ya ua wa minyaa, mwezi wa sita, beseni la nguo likiwa kiunoni, na hakungoja jibu. Ndivyo alivyo jirani huyo. Anauliza, anaanika kanga zake, anaingia ndani, na wewe unabaki na swali kama mtu aliyeachiwa kitoto cha mwenzake akibebe.

Martina alilibeba wiki nzima. Alikwenda nalo ibadani, akarudi nalo.

Kwa miezi minane nyumba yake ya Ngokolo ilikuwa imejaa Korea mpaka darini. Blessing, bintiye wa pekee, alikuwa karani wa mwalo wa kuchenjulia dhahabu kule Geita. Kazi yake kuandika viroba vya mawe ya dhahabu vinavyoingia kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Kila mwisho wa mwezi alikuja Shinyanga na daftari lililobandikwa picha ya vijana watano wa Kikorea, waimbaji, mmoja ana nywele za rangi ya ubuyu. Vijana hao wangeimba kwao Korea mwezi wa kumi na moja, siku tatu mfululizo, na Blessing alikuwa ameapa kwamba safari hii hatawatazama kwenye simu. Mwenzake katika kiapo hicho alikuwa Shaheen, binti wa duka la vitambaa mjini, aliyesoma naye sekondari. Shaheen alikuja na kompyuta yake, wakakaa kwenye meza ya chakula, wakawa wanapunguza gharama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao, kupunguza.

"Ndege tunapitia Adisi, tunasubiri uwanjani saa kumi na nne," Shaheen alisema. "Nauli inashuka sana, mama."

"Na hizo saa kumi na nne mnalala wapi?"

"Kwenye viti."

"Ikulu za wafalme wao tunaingia bure," Blessing alidakia, "ukivaa tu gauni lao la asili."

"Na gauni mnalo?"

"Tunakodi pale pale getini."

Martina aliuweka mwiko chini. "Yaani mnakodi gauni ili mwingie bure."

"Mama, na picha zinatoka nzuri!"

Akaokota mwiko wake, akamwomba Bwana uvumilivu.

Halafu ikaja habari ya chakula. Walikata shauri kubeba michembe. Martina akanunua viazi, akamenya, akakata, akaanika juu ya bati siku nne akiwafukuza kuku wa Paskalina. Michembe ilipokauka ikalia kama vigae, Shaheen akasoma mahali kwamba mazao ya shamba yanaweza kuzuiwa uwanjani. "Pole, mama," akasema. Martina alikula michembe asubuhi na jioni mpaka mwezi ukaandama.

Lakini kilichomkaba kabisa ni gesti. Walimwonyesha picha ya chumba walichokipata kwa bei nafuu. Kitanda kimoja, na mlango ukifunguliwa unagonga mto.

"Hili ni kabati," alisema.

"Ni kabati lenye intaneti, mama," Blessing alijibu, wakacheka wote wawili, wakagongana viganja.

Martina hakucheka. Yeye alizaliwa kijijini Samuye, na kwao Samuye gesti ni mahali pa mtu asiye na watu. Mtoto wa marehemu mumewe Makoye alale kwenye kabati, ng'ambo ya dunia, kama hana watu? Na swali la Paskalina bado liko kifuani. Ndipo alipomkumbuka Mabula.

Mabula jina lake la Kikorea lilikuwa Mchungaji Pak, lakini aliingia Samuye siku mvua ilipokuja baada ya ukame mrefu, na watu wakampa jina la mvua hapo hapo. Alikuja kuchimba kisima. Alifikia kwa Makoye na Martina, Blessing akiwa bado anatambaa. Siku mbili walimpikia, wakamtandikia, wakamchinjia jogoo. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza, Martina alitoka na ndoo akamkuta mgeni shambani na jembe la akiba la Makoye, ameshapalilia tuta moja na nusu la pamba, vibaya lakini kwa moyo. Hakuna aliyemwambia. Mchana viganja vilipasuka, Martina akavipaka samli, na kesho yake akarudi shambani na viganja vile vile. Tangu hapo Samuye hapakuwa na mtu aliyemwita mgeni. Makoye alipofariki, miaka sita iliyopita, Mabula alituma sauti kwa simu. Hakusema kitu cha kueleweka, alikuwa analia tu.

Basi Martina alikaa akamwandikia, kwa mkono, kwa karatasi ya mistari. Alisalimia kwa jina la Bwana, akaeleza kwamba mtoto aliyekuwa akitambaa sasa anakuja Korea yeye na mwenzake. Mwinjilisti Mihayo wa kanisani kwake akaipiga picha, akaituma kwa simu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Mabula alikuwa ameshazeeka, analima kabichi kijijini, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka mji mkuu, lakini binti yake anakaa mjini na ana chumba kizima cha wageni. Waje, walale bure, hata mwezi. Na siku mbili za mwisho waje kijijini wamsalimie mzee. Akaomba mzazi aandike barua ya kuwatambulisha, waiambatanishe na barua yake ya mwaliko kwenye maombi ya viza.

Blessing siku hiyo alimbeba mama yake juu juu. "Mama Blessing! Wewe ndiye mkuu wa safari!"

Martina aliandika ile barua ya pili jioni, peke yake, akaipeleka kanisani ikagongwa mhuri, akaitia kwenye bahasha. Blessing akaiweka kwenye faili na nyaraka nyingine, faili likaenda ubalozini Dar es Salaam. Tiketi zilikuwa zimekwisha kununuliwa, zile za bei ya chini ambazo ukighairi hurudishiwi kitu.

Hiyo yote ilikuwa mpaka Jumatano hii.

Jumatano mchana Blessing aliingia kutoka Geita bila hodi, vumbi mpaka kwenye kope, Shaheen nyuma yake. Paskalina alikuwepo, amekuja kuomba chumvi na hajaondoka.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Paskalina. Mama, uliandika nini kwenye ile barua?"

"Marahaba. Barua gani?"

"Ya viza! Wamenipigia jana kutoka Dar. Dada wa watu, mpole kabisa, ananiuliza, 'Samahani, hapa mama ameandika mtavuna kabichi. Mnakwenda kutembea au mnakwenda kazini?' Mimi nimesimama pale karashani, mawe yanasagwa, nasema, kabichi? Kabichi gani?"

"Nimeandika ukweli," Martina alisema. "Nimeandika ninyi ni watoto wenye adabu. Hamtakuwa mzigo kwa mzee wa watu. Mkifika kijijini mtashika jembe, na kabichi mtavuna. Nani anakwenda kwa watu akakaa tu?"

"Haswa," alisema Paskalina.

"Mama, viza ya matembezi hairuhusu kazi!" Blessing alijishika kichwa. "Ukiandika kazi, wanajua unakwenda kutafuta kibarua!"

"Kibarua kinalipwa. Hii ni adabu, bhebhe, wewe mtoto."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya adabu!"

Shaheen aliingilia kwa sauti ya chini. "Mama, wametupa mpaka Ijumaa. Wanataka barua nyingine, ya mkono wako, mhuri ule ule, iseme hatuendi kufanya kazi yoyote. Isipofika, viza hakuna."

"Na tiketi zimekwenda," Blessing alisema. "Na lile onyesho. Miaka miwili, mama. Miaka miwili nakula maharage pale mwaloni, wenzangu wananunua viatu."

"Na wewe uliyeiweka kwenye faili, hukuisoma?"

Blessing akajifuta vumbi usoni. "Niliona mhuri. Nikajua ni barua nzuri."

"Ilikuwa barua nzuri."

Simu ya Blessing ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa na Mabula, aliyekuwa ametumiwa habari tangu asubuhi. Akaifungua wote wasikie. "Mama Blessing, mwangaluka! Nimecheka mpaka mke wangu ametoka jikoni. Andika tu, mama, hakuna kazi. Mimi Samuye nilikuwa na kibali cha kuchimba kisima, sikuwa na kibali cha kulima pamba ya Makoye!" Kisha kicheko kirefu, na kikohozi cha mtu mzee.

"Anacheka," Martina alisema. "Mtu mzima anacheka."

Waliona ni jambo dogo, na hilo ndilo lililomchosha. Karatasi moja, mistari mitatu. Lakini yeye alivikumbuka vile viganja na samli ilivyochanganyika na damu. Mtu yule alikuwa ameshika jembe la Makoye, katika shamba lao, bila kuambiwa. Na sasa yeye amwandikie kwa mkono wake, mhuri wa kanisa juu, kwamba mtoto wa Makoye akifika kwake hatashika hata kijiti. Makoye angeisoma barua ya namna hiyo angesema imeandikwa na mtu mwingine.

Alivuta kiti. Shaheen akamletea kalamu mbio, kabla hajabadili mawazo.

"'Kwa jina la Bwana,'" Martina alisema huku akiandika. "'Mimi Martina, mjane wa Makoye. Watoto wangu wanakwenda kutembea. Watasaidia kidogo tu...'"

"Mama, futa!"

"Kidogo, nimesema."

"Hata kidogo! Futa!"

Akachukua karatasi nyingine. "'Hawatavuna kabichi.' Haya. 'Lakini watamenya...'"

"Usiandike kumenya!"

"Hata kitunguu? Mwenyeji anapika, wewe umekaa, hata kitunguu?"

"Hata kitunguu, mama."

"Na vyombo? Baada ya kula?"

"Mama, usiandike vyombo! Vyombo tutaosha, kila mtu anaosha vyombo, lakini usi-vi-an-di-ke!"

"Kwa hiyo mnataka niandike kitu ambacho si kweli."

"Kuosha vyombo si kazi!"

"Si kazi?" Paskalina aliruka. "Haya, njoo kwangu jioni uje kupumzika na masufuria yangu."

Shaheen akaangua kicheko, Blessing akamfinya. Kisha Blessing akachuchumaa kando ya kiti, na sauti yake ikashuka. "Mama, wao hawaulizi tabia yetu. Wanauliza kama tutaajiriwa. Andika hatutaajiriwa na mtu, hatutafanya kazi, tutakula na kulala na kwenda kwenye onyesho. Hayo tu. Nakuomba."

Martina alimtazama mwanawe. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi ya ubuyu, zimemeguka kwa vumbi la mawe, na chini ya macho kulikuwa na weusi wa mtu aliyesafiri tangu alfajiri kwa sababu ya karatasi. Miaka miwili ya maharage hakuwa anaijua. Kila alipompigia aliambiwa amekula vizuri.

Akachukua karatasi ya tatu. Safari hii hakusema kwa sauti. Aliandika polepole, akibonyeza kalamu kama mtu anayechonga. Kuku wa Paskalina aliingia mpaka mlangoni, na hakuna aliyemfukuza. Alipomaliza akamsukumia Blessing, naye akasoma:

"'Mimi Martina, mjane wa Makoye wa Samuye, nakana neno nililoandika kwanza. Binti yangu Blessing na mwenzake Shaheen hawaendi Korea kufanya kazi. Hawatashika jembe, wala hawatavuna, wala hawataajiriwa na mtu yeyote. Watakula, watalala, watatazama waimbaji, watarudi. Mchungaji Pak, uliyelima kwetu, unisamehe.'"

Shaheen alipumua kwa nguvu. "Hii inatosha, mama. Inatosha kabisa. Naipiga picha, jioni hii inafika."

"Bado mhuri," alisema Blessing.

Paskalina alikuwa ameshika mdomo, kikombe cha chumvi kimemwinamia bila kujua, chumvi inamwagika. "Mama Blessing," akasema, "umeandika hivyo kweli? Kwa Mabula? Watoto wa kike wazima waende kwa watu, wakae mikono mapajani?"

Martina aliirudisha barua mkononi mwake, akaikunja mara mbili.

"Mama, umekasirika?" Blessing aliuliza. "Mama?"

Alijitanda kanga mabegani, akatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu, akampisha kuku mlangoni, akatoka na barua kuelekea kanisani, ikagongwe mhuri.