Jozi ya Nne

Jumatatu saa kumi jioni Mbuke alikuwa amekaa kwenye mkeka nyumbani kwao Kambarage, mjini Shinyanga, akifanya mazoezi ya usaili. Kampuni moja ya mgodi huko Geita ilihitaji karani wa usalama, wa kuhesabu watu wanaoshuka chini. Barua ilisema wasailiwa wataulizwa mambo waliyowahi kuyafanya, si ambayo wangeyafanya. Miaka miwili tangu ahitimu, huo ndio usaili wa kwanza alioitiwa.

Nasibu aliingia peku, amejaa udongo mwekundu, akamwamkia Mama Mbuke shikamoo. Mama Mbuke akaitikia, akamwambia akae pasipo na mkeka, akamletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Nasibu alifukiwa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, mwaka juzi. Tangu Mbuke aanze mazoezi alikuja kila siku saa hiyohiyo, na akishaondoka Mama Mbuke alifagia ule udongo na kuumwaga kwenye tuta la mchicha.

"Tueleze siku uliyosimamia ukweli," alisema Nasibu, mikono kifuani kama bosi.

Mbuke akasoma daftarini. Akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, aliona matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, yameanza kupasuka. Alipiga kelele, na watu kumi na mmoja wakatoka salama.

"Hao kumi na mmoja ni kweli. Mimi umeniweka wapi?"

"Nikikuweka wewe, kazi naikosa."

"Basi niache, mdogo wangu. Hata nilipokuwa hai sikuwahi kuingia ofisini." Akaomba aongezewe karanga.

Pale duarani watu walishuka peku na kuacha kandambili juu, na kazi ya Mbuke ilikuwa kuzihesabu. Siku ile, baada ya kumi na mmoja kutoka, zilibaki jozi nne. Msimamizi akamwambia aandike watatu, kwa sababu Nasibu alishuka badala ya rafiki yake aliyekuwa na homa, na jina lake halikuwamo kwenye orodha. Mbuke akaandika watatu, akasaini. Ilipopatikana miili mitatu, uchimbaji ukasimamishwa. Jozi ya nne aliitia kwenye mkoba wake, na tangu hapo ilikaa chini ya kitanda.

Alhamisi, siku ya usaili, Mbuke na Nasibu walipanda basi pamoja. Getini mlinzi aliandika wageni wawili, akampa kila mmoja kitambulisho cha kuvaa shingoni. Magesa, mwenyekiti wa jopo, aliagiza kiti cha pili na gazeti la kutandika chini yake. Swali la tatu lilikuwa lilelile la Nasibu.

Mbuke akafunga daftari. Akatoa kandambili mkobani, akaziweka mezani, akaeleza yote tangu jozi ya kwanza.

"Wewe ulifanya nini?" aliuliza Magesa.

"Niliandika watatu."

"Ikawaje?"

"Walipofikisha watatu, wakaacha kuchimba."

Magesa aliandika kwa muda mrefu kidogo. Akamuuliza Nasibu kama ana la kuongeza. Nasibu alisema dada huyu hesabu anaijua, alichokosa siku ile ni mtu wa kumwambia andika wanne. Magesa akawashukuru kwa ukweli wao. Akafafanua kwamba duara lile halimo ndani ya eneo la kampuni, akaomba viatu viondolewe mezani. Kwenye uaminifu alimpa Mbuke tisa kati ya kumi.

Mbuke akapata kazi. Sasa anaishi Geita, na mama yake humtumia michembe kwa basi. Kila asubuhi huhesabu watu wanaoshuka, kisha huongeza mmoja. Kila jioni Magesa humkata yule mmoja kwa mstari wa rula, taratibu, bila hasira, ili waliotoka walingane na walioingia. Kesho yake Mbuke humwandika tena. Hakuna aliyekwenda kumfukua Nasibu.

Saa kumi Nasibu huja, hukaa kwenye gazeti lake, wakala michembe. Kandambili ziko mlangoni, zimeoshwa. Siku moja Mbuke alimwambia azivae, miguu yake imechubuka.

"Nikizivaa," alisema Nasibu, "utanihesabu kwa kitu gani?"

Mbuke akamsogezea sahani, kisha akachukua kitambaa, akaanza kumfuta udongo miguuni.