Kola ya Shali kwa Picha Hafifu

Saa saba na dakika saba mchana, Jumatatu, simu ya duka la ushonaji ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na fundi aliyeitwa Mgeni alikuwa ameikodolea macho huku chakula chake kikipoa. Alikuwa na miaka mitatu dukani, lakini jina la siku ya kwanza lilikuwa limemganda. Kwenye kioo, mwalimu wa video alikuwa akikata kola ya shali, ile inayoteremka kutoka shingoni hadi kifuani bila pembe.

Bi Mkasi alimtazama kutoka meza ya kukatia. Meza ile ilikuwa yake kwa miaka kumi na minne. Wengine walishona tu alichokata yeye. Sasa hoteli moja ilitaka makoti sita yenye kola hiyo, na tajiri wao, mwenye duka, alikuwa amesema waziwazi: Alhamisi saa nane Bi Mkasi na Mgeni kila mmoja akate koti la majaribio, na atakayeshinda atashika meza. Tangu hapo wivu ulimkaa Bi Mkasi kooni kama mwiba wa samaki. Hakujua kukata kola ya shali, na hakumwambia mtu.

Simu ilikuwa chini ya ulinzi wake. Bando lilikuwa la gigabaiti mbili kwa wiki, na wateja walituma vipimo kwa simu hiyohiyo.

"Mdogo wangu, unatumaliza," alisema, akainyakua. "Video hiyo inatafuna bando kama mchwa."

Alishusha ubora wa picha kutoka 720 hadi 144. "Haya. Sasa saa nzima haifiki megabaiti mia."

Hesabu ilikuwa sahihi. Nia ndiyo haikuwa.

Mgeni alisogeza uso. "Dada, mbona mkasi umekuwa jongoo?"

"Unataka kujifunza au unataka sinema?"

"Haya bwana. Jongoo na afundishe."

Kesho yake Mgeni aliacha kabisa kutazama. Alifumba macho, akasikiliza, akaandika kwenye kipande cha karatasi kila namba aliyoitaja mwalimu. Palipomtatiza alirudia mara tatu. Kisha akacheka peke yake, na roho ya Bi Mkasi ikauma upya. Anachekea nini huyu, na haoni kitu?

Saa kumi na moja jioni Mgeni alikwenda kumchukua mwanawe shuleni. Bi Mkasi alifunga mlango, akapandisha ubora hadi 1080, akatazama somo lote la dakika arobaini. Mikono ya mwalimu ilionekana hadi kwenye kucha. Hakuandika neno, aliyaamini macho yake. Alianza tena mwanzo, na karibu na mwisho picha ikagoma. Bando lilikuwa limekwisha. Aliizima simu, akaenda zake.

Jumatano tajiri alikuja juu. Mteja alikuwa amepiga kulalamika kwamba vipimo alivyotuma havijapokelewa.

"Nani kamaliza bando?"

"Mimi nilimwonya," alisema Bi Mkasi, bila kumtazama mwenzake. "Kutwa yuko kwenye video."

"Mimi? Na jongoo wangu yule?"

Tajiri hakubishana. Alifungua ujumbe wa kampuni ya simu, akausoma kwa sauti. "'Umetumia asilimia mia ya bando lako.' Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na nane jioni." Aliinua macho. "Nani alikuwa hapa saa hiyo?"

"Mimi nilishaondoka," alisema Mgeni.

Bi Mkasi aliokota sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Alhamisi saa nane walikata. Bi Mkasi alimaliza kwa dakika ishirini, mkono ukiteleza kama wa mwalimu. Mgeni alichukua dakika hamsini, akiinamia karatasi yake kila baada ya hatua.

Saa tisa na dakika kumi, vipande vikiwa vimeunganishwa kwa pini, tajiri alizipima kola zote mbili kwa utepe. Ya Bi Mkasi ilipungua inchi moja nyuma ya shingo, na koti zima lilivuta. Ya Mgeni ilitulia.

"Meza ni yako," tajiri alimwambia Mgeni.

Mgeni alitandaza kitambaa cha hoteli. Kilikuwa kinateleza.

"Dada, nishikie huku."

Saa tisa na nusu Bi Mkasi alishika upindo kwa mikono miwili, na Mgeni akakata.