Kitanda cha Kumi na Nne

Kila asubuhi saa moja, Lise alizunguka wodi ya wanawake akihesabu wagonjwa, kisha akapeleka idadi ofisini kwa Monsieur Nahum, msimamizi wa hospitali. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya uongozi wa hospitali, ametumwa kutoka Lubumbashi kujifunza kazi kwa kuifanya, wiki sita, hapo Kamina. Mwaka ulikuwa 1999, vita vilikuwa upande wa Malemba-Nkulu, na mgeni mwenye daftari alitazamwa kwa jicho la pembeni. Lise naye hakuwa mjinga. Aliwatazama vivyo hivyo.

Daftari hilo lilikuwa roho yake. Kila kazi iliyoandikwa humo ilihitaji sahihi na muhuri wa Nahum. Bila hivyo, miaka yote ya chuo ilikuwa kazi bure.

Asubuhi ya tatu aliwakuta vitandani walio hai ishirini na tisa. Rejista ilisema arobaini.

“Hesabu vitanda, mademoiselle,” Nahum akamwambia kwa upole uliomtia shaka zaidi. “Bantu banapitaka. Vitanda njo binabakiaka.” Kwake watu walipita tu; vitanda ndivyo vilivyobaki.

Wale kumi na mmoja aliwapata barazani, wamekaa kwenye benchi, vifurushi magotini. Walikuwa wamekufa, wengine tangu Pasaka. Katika hospitali ile hakuna aliyevuka geti bila bon de sortie, kikaratasi cha ruhusa chenye muhuri, na hawa Nahum hakuwaandikia. Jioni walirudi vitandani mwao. Walio hai waliokosa nafasi walilala kwenye mikeka, bila kuandikwa kwenye rejista. Wafagiaji walikwishazoea kuwaomba wainue miguu.

“Mama, unangoya tangu lini?” Lise akamuuliza mwanamke wa mwisho kwenye benchi, mama Kyabu wa Kabondo-Dianda.

“Minyi nilisha kufa mwezi wa ine. Balisema kinini hakuna.” Akakaza fundo la kifurushi chake. “Kule kwetu kilio haiishe. Bananingoya banizike. Niko nangoya tu karatasi.”

Kinini, dawa ya malaria, ilikuwapo. Ilitolewa stoo kila Jumanne kwa watu arobaini, kama rejista ilivyotaka, na sehemu ya wale kumi na mmoja ikapakiwa kwenye jipu lisilo na namba. Lise aliandika saa ya jipu kwenye karatasi, akaificha ndani ya soksi. Chini ya kitanda cha kumi na nne, kitanda cha mama Kyabu, alilala mkekani msichana aitwaye Glodie, homa imempanda, akipewa nusu dozi. Mama yake alimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Jambo hilo lilimuuma Lise kuliko yote.

Wiki ya tano, Nahum akiongoza sala ya asubuhi ya wafanyakazi, Lise aliingia ofisini, akaandika bon de sortie ya mama Kyabu, akapiga muhuri, akatia sahihi yake mwenyewe. Alikuwa na muda wa moja tu; wimbo wa mwisho ulikuwa umeanza. Mama Kyabu alimwonyesha mlinzi wa geti, Papa Mulumba, kikaratasi chake, akashukuru, akashika njia ya Bukama kwa miguu, kuelekea kwao. Glodie akapandishwa kitandani. Usiku huo alilala bila kuweweseka.

Lise alingoja kugombezwa. Nahum hakusema neno. Alifungua daftari lake, akapiga mihuri yote iliyobaki, akaandika chini: *Très bien*, vizuri sana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lise alilijua hilo, lakini muhuri ni muhuri, akafurahi.

Ijumaa ya mwisho alifika getini na begi lake.

“Bon de sortie?” Papa Mulumba akauliza.

“Miye siko mugonjwa, Papa. Miye stagiaire, mwanafunzi. Munanijua.”

“Nakujua sana.” Mzee akamgeuzia nakala ya rejista, akaweka kidole kwenye mstari. Kitanda cha kumi na nne: Lise, malaria kali, ameingia wiki iliyopita. “Muntu hatokake bila bon, binti yangu. Ata wale.”

Ofisi ya Nahum ilikuwa imefungwa. Alikuwa amekwenda Kaniama, hakusema atarudi lini. Barazani, wale kumi walisogea kidogo, wakamwachia nafasi ya mama Kyabu. Lise akakaa, daftari magotini. Siku nne alilala palepale kwenye benchi. Jumanne jipu lilikuja saa ileile. Aliliona likichukua kinini yake.

Jioni ya Jumanne hiyo aliingia wodini. Mama wa Glodie alimwona, akamshusha mwanawe mkekani bila kuambiwa na mtu, akakung'uta shuka.

“Njo kitanda yako, mademoiselle,” akasema. “Lala.”