Hali ya Mbingu ya Kesho

Katika ofisi ya tarihi, kitabu cha matukio ya nchi, pale Kamakura, habari za kila siku huanza na hali ya mbingu: jua, mvua, upepo. Ndipo hufuata mambo ya serikali ya wapiganaji, nani kapewa ardhi, nani kavuliwa cheo. Basi msimamizi Norimune alipomwamuru karani Kiyotsugu aandike leo hii habari za kesho, kwamba Bwana Tomokage amefariki kwa homa, Kiyotsugu aliuliza kwa mazoea tu:

"Na mbingu, mheshimiwa?"

Alitamani kuumeza ulimi wake.

Norimune alicheka hadi mabega yakatikisika. "Una wazimu wewe! Andika jua. Tumpe marehemu siku nzuri."

Marehemu! Asubuhi ileile Tomokage alipita juu ya farasi, mzima wa afya, akamtania Kiyotsugu kuhusu vidole vyake vyenye wino. Walikuwa ndugu wa kunyonya. Mama yake Kiyotsugu ndiye aliyemlea kwa maziwa yake mtoto yule wa ukoo mkubwa.

"Mwana wa mnyonyeshaji," Norimune akasema, taratibu sasa, "njia ya kwa Tomokage ina watu wangu. Nenda kwenu ukale."

Alikwenda. Alimkuta mama yake akipanga plamu, matunda yaliyokaushwa kwa chumvi, kwenye kikapu.

"Kesho nampelekea Tomo wangu. Akizikosa hununa, jitu zima lile!"

"Kesho usitoke, mama."

"Kwani kuna nini?"

Neno lilimfika mdomoni. Akilisema, mama atatoka mbio, na wote watatu wamekwisha. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliogopea shingo yake mwenyewe.

"Mvua," akasema. "Itanyesha."

"Na anga lote hili jeupe? Karani mzima, hata mbingu huzijui!"

Kulipokucha, mvua ilimwagika. Kiyotsugu nusura alie kwa furaha. Aliandika jua, na jua halikutoka! Kama mstari wa kwanza ni uongo, kwa nini wa pili uwe kweli? Alikimbia hadi ofisini, akafika amelowa chapachapa.

Norimune alikuwa amekaa kwenye mkeka wa karani, pindo la vazi lake limejaa matope, tarihi iko wazi mbele yake.

"Umechelewa," alisema, akimsogezea wino. "Rekebisha mbingu. Mengine yako sawa."