Shimo la Mawifi

Jumamosi ile wakazi wa mtaa walijitolea kupanda miti kando ya barabara, na msimamizi akawapanga wawili wawili. Msusi mmoja akajikuta kwenye shimo lililo mbele ya zahanati pamoja na wifi yake, muuguzi wa hapo. Hawakuwa wamesemezana tangu mume wa msusi, kaka yake muuguzi, azikwe.

Walichimba mpaka sururu ikagonga zege la zamani.

"Hapo acheni," msimamizi alisema. "Mti huu tutaupeleka kwingine."

"Hauendi popote," msusi alijibu. "Jua la hapa ndilo linalowaunguza wagonjwa wakisubiri zahanati ifunguliwe."

Muuguzi akamtazama, kisha akamnyang'anya sururu. "Lete, wifi. Mikono yako imezoea nywele, si zege."

"Na yako imezoea sindano!"

Wakacheka, wakashtuka wenyewe kwa kicheko chao. Wakapokezana, mmoja akipiga, mwenzake akizoa vipande, hadi viganja vikatoka malengelenge. Watu wengine walikuwa wameshanawa na kwenda zao zege lilipopasuka, udongo mweusi ukaonekana.

Muuguzi aliushika mche wima, msusi akafukia.

"Kaka angetucheka," muuguzi alisema.

"Angetucheka, halafu angetupokea sururu," msusi alijibu, akampangusa wifi yake udongo shavuni.

Kesho yake asubuhi msusi alikuja na ndoo ya maji, akakuta wifi yake ameshaumwagilia mti wao. Akainua ndoo tena, akaenda kuumwagilia mti wa jirani.